Cheo cha Mwenyekiti na Wajibu wa Mpangaji

Wahenga walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii tumeifundisha madarasani miaka nenda miaka rudi, na aghalabu tumeifasiri kwa njia moja tu, kwamba kila kundi halina budi kuwa na mkubwa mmoja. Hivi majuzi nililazimika kuitafakari upya nikiwa mtaani Kianda, upande wa magharibi wa Kibera, nilipokuwa mgeni wa vijana saba wanaoandika programu za simu na tarakilishi. Niliyoyashuhudia huko yamenifanya niamini kwamba wingi wa manahodha si hatari pekee inayokikabili chombo. Chombo huenda mrama vilevile pale majina ya kazi yanapogawanywa ilhali kazi zenyewe hazikugawanywa.

Mmoja wa vijana hao nilimfundisha Kiswahili katika shule ya upili. Alinialika niwasaidie kutafuta maneno ya Kiswahili ya kutajia nafasi zao za kazi, kwani, alivyonieleza, watu wa mtaani wanaowahudumia hawakuwa wakielewa nani ni nani. Nilidhani hiyo ni kazi ya kamusi na kalamu, nami nikaenda na vyote viwili. Kumbe nilikuwa naitwa kwenye shauri zito kuliko msamiati.

Kundi hilo lilikuwa limeunda programu kwa ajili ya shule moja ndogo. Hapo awali mpishi wa shule, mama wa makamo aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, aliandika kwenye daftari majina ya watoto waliolipiwa chakula cha mchana. Programu ilikusudiwa kuchukua nafasi ya daftari. Mzazi akishalipa kwa simu, jina la mtoto wake lijitokeze katika orodha. Ijumaa moja jioni vijana waliibadilisha programu ile ili iende kwa kasi zaidi. Jumatatu ilipofika, majina ya watoto waliolipiwa mwishoni mwa juma hayakuonekana. Msaidizi aliyesimama mlangoni aliiamini simu, akawarudisha watoto kadhaa. Mpishi aliposikia zogo alitoka na daftari lake, ambalo kwa bahati njema hakuwa ameacha kuliandika, akawaita mmoja mmoja wakala githeri yao. Hata hivyo, msichana mmoja wa Gredi ya Nne alikuwa amekwisha kujiendea nyuma ya madarasa kwa fedheha. Alishinda na njaa hadi jioni, ingawa mamake alikuwa amelipa.

Mimi nilifika siku iliyofuata, wakati wa mkutano wao wa asubuhi. Mtindo wa kazi wanaoufuata huitwa ajaili, neno lenye maana ya wepesi wa kugeuka kadiri mambo yanavyogeuka. Mtindo huo huwataka wakutane kila siku kwa muda usiozidi dakika 15, na kwa desturi hukutana wakiwa wamesimama ili maneno yasirefuke. Vijana sita walisimama wima katika chumba kile cha mabati. Wa saba alikuwa amekaa juu ya kiti pekee kilichokuwamo. Huyo alikuwa mwenyekiti.

Msomaji asinielewe vibaya. Kijana yule hakuwa na kiburi. Kundi lake, kama makundi mengi ya vijana nchini, lilisajiliwa likiwa na maafisa watatu, yaani mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Halafu, walipojifunza mtindo wa ajaili, waliongeza majina mengine matatu juu ya yale ya kwanza. Walikuwa na skramu masta, prodakti ona na madivelopa. Mwenyekiti ndiye aliyepewa uprodakti ona, kwa kuwa neno hilo lilisikika kubwa. Mweka hazina akawa skramu masta. Katibu, msichana hodari wa kuandika programu, akabaki na kazi ya kuandika kumbukumbu za mikutano, kwa sababu tu mwandiko wake ulikuwa mzuri na kwa sababu alikuwa msichana.

Niliuliza swali ambalo mwalimu yeyote angeuliza. Ni nani aliyepaswa kuijaribu programu kabla ya kupelekwa shuleni?

"Mwalimu, sisi hatuna bosi," mwenyekiti alijibu kwa adabu. "Kazi ni ya timu nzima."

Jibu hilo lilinipendeza kwa muda wa dakika chache. Kisha mazungumzo yakaendelea, ikabainika kwamba aliyekuwa akizijaribu programu siku zote ni katibu, bila mtu kumpa jukumu hilo na bila jina lolote. Ijumaa ile alikuwa ameombwa amalize kuandika ripoti ya kundi, na hakuna aliyekumbuka kuishika kazi aliyoiacha. "Lakini kwa kawaida wewe ndiye huangalia," mwenzake mmoja akamwambia. Binti yule hakujibu. Hivyo ndivyo kazi ya wote ilivyokosa mwenyewe, huku lawama zikimpata mwenyewe papo hapo.

Ili tuelewe jinsi vijana werevu walivyofikia hali hiyo, inafaa turudi nyuma kidogo. Suala la kuzitaja na kuzigawa kazi katika kundi la waandishi wa programu si geni. Mnamo mwaka 1975, Mmarekani Fred Brooks, aliyewahi kusimamia kazi kubwa ya programu katika kampuni ya IBM, alichapisha kitabu kilichoeleza pendekezo la mwenzake Harlan Mills, kwamba kundi lipangwe kama wahudumu wa chumba cha upasuaji. Awepo daktari mpasuaji mmoja, naye ndiye mwenye kuandika programu, na wengine wamhudumie, akiwemo msaidizi wake mkuu, mhariri, makarani, mtengenezaji wa zana, mjaribu na kadhalika. Kila mmoja alikuwa na jina na kazi yake, lakini wote walimzunguka mtu mmoja.

Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Kijapani, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, walitoa mfano tofauti. Walilinganisha kundi bora la kubuni bidhaa na timu ya raga inayosonga mbele kwa pamoja huku mpira ukipitishwa kutoka mkono hadi mkono. Wasomaji wa Nairobi hawahitaji kuelezwa mfano huu kwa kirefu, kwani uwanja wa raga wa RFUEA uko kando ya Barabara ya Ngong, si mbali na Kibera. Katika skramu ya raga, wachezaji wanane wa kila upande huinamia pamoja na kusukumana na wanane wa upande wa pili. Hakuna anayeshinda msukumano huo peke yake. Lakini pia hakuna asiyejua mahali pa kuweka bega lake. Aliye katikati ya mstari wa mbele hujua kwamba ni yeye wa kuuvuta mpira kwa mguu, na mwenzake wa nyuma hamwachii mwingine kusukuma.

Kutokana na mfano huo, Jeff Sutherland na Ken Schwaber waliuwasilisha mtindo uitwao Skramu mwaka 1995. Mwezi wa Februari mwaka 2001, wataalamu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakatoa tamko lililoupa mtindo mpana wa ajaili jina lake. Mwongozo wa Skramu ulitolewa mara ya kwanza mwaka 2010, nao umekuwa ukirekebishwa tangu hapo. Marekebisho ya mwaka 2020 ndiyo ningependa walimu na wanafunzi wayazingatie. Waandishi wake waliacha kuyaita yale majina matatu "nafasi" au "vyeo", wakaanza kuyaita "uwajibikaji". Kwa maneno mengine, waliona kwamba watu waliyageuza majina yale kuwa vilemba vya kujivika, wakaamua kukumbusha kwamba jina ni deni.

Mwongozo huo unasema nini juu ya kisa cha Kianda? Unasema kwamba kundi zima linawajibika kwa kazi inayokamilika. Kwa hiyo mwenyekiti hakukosea moja kwa moja. Lakini unaongeza kwamba prodakti ona ni mtu mmoja, si kamati, na kwamba akimpa mwingine kazi yake, wajibu unabaki juu yake. Unasema pia kwamba wanaounda programu ndio wanaohusika na ubora wake, kwa kufuata masharti yaliyokubaliwa kabla kazi haijaitwa kamili. Na kundi lenyewe ndilo huamua ndani yake nani afanye nini, lini na vipi. Hapo ndipo penye siri. Kusema "hatuna bosi" hakumaanishi kwamba hakuna haja ya kugawana kazi. Kunamaanisha kwamba kugawana huko hakutafanywa na mtu mwingine kwa niaba yenu. Kundi lenye mnyapara huweza kukaa kimya likingoja amri. Kundi lisilo na mnyapara likikaa kimya, mtoto hukosa chakula.

Tukirudi kwenye msamiati, nilioitiwa mimi, niligundua kwamba Kiswahili kina hekima yake katika jambo hili. Majina yetu mengi ya vyeo ni ya namna mbili. Yapo yanayotokana na kuwa na kitu, kama vile mwenyekiti na mwenye nyumba. Yapo pia yanayotokana na kutenda, kama mlezi, mkaguzi, mwandishi na mpishi. Hata katibu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mwandishi. Jina la kuwa na kitu hubaki na mtu hata akilala. Jina la kutenda humdai mtu kila siku, kwani mpishi asiyepika amebaki na jina tu.

Sasa lichukue neno prodakti ona. Ukilifasiri neno kwa neno utapata mwenye bidhaa, na mtu wa Kibera akisikia "mwenye" humwazia mwenye nyumba. Sehemu kubwa ya ardhi ya Kibera ni ya umma, na wakazi walio wengi hulipa kodi ya vyumba wanavyoishi. Mwenye nyumba, mara nyingi, haishi humo. Huonekana mwisho wa mwezi. Ukimpa kijana jina hilo, usishangae akijiona kuwa mtu wa kuja kukusanya sifa kazi inapokwisha.

Nilipochunguza kazi hasa ya huyo prodakti ona, niliona kwamba kubwa zaidi ni kupanga. Yeye huamua kazi ipi itangulie na ipi isubiri, kwa kuzingatia mahitaji ya wale watakaoitumia programu. Nikapendekeza aitwe mpangaji. Vijana walicheka, kwa sababu mtaani kwao mpangaji ni mtu anayekodi chumba, naye ni kinyume kabisa cha mwenye nyumba. Wakadhani nimeteleza. Mpishi wa shule, ambaye siku hiyo alikuwa ameitwa aeleze yaliyotokea, ndiye aliyenitetea. "Mwacheni Mwalimu," alisema. "Mwenye nyumba hajui paa linavuja wapi. Mpangaji analala ndani, anajua."

Sikuwa na la kuongeza. Jina hilo lilipita.

Kwa skramu masta tulikuwa na kazi nyepesi zaidi. Neno masta huleta fikra za bwana na mtwana, ilhali mwongozo unamtaka mtu huyo alihudumie kundi, aondoe vikwazo na kulifunza kuufuata mtindo wa kazi. Lugha yetu ina mfano mzuri wa bwana asiye mmiliki. Bwana shamba hamiliki shamba wala halimi, hupita akishauri. Hata hivyo tulipendelea neno ambalo kila mwanafunzi analijua, yaani mlezi. Mlezi wa Chama cha Kiswahili shuleni haghani mashairi kwa niaba ya wanafunzi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba chumba kimepatikana na kwamba aliye mwoga naye amepewa zamu ya kusema. Madivelopa wakaitwa waundaji. Miongoni mwao akatajwa mkaguzi wa kila juma, ambaye jina lake huandikwa ukutani kabla kazi haijaanza.

Watakuwepo watakaouliza kama kuna haja ya maneno hayo, ilhali kazi za mjini hutangazwa kwa Kiingereza. Ni swali la haki. Kijana anapoomba kazi kwenye kampuni, na aandike cheo chake kwa lugha inayofahamika huko. Lakini neno lililo ukutani Kianda halikuwekwa kwa ajili ya kampuni. Limewekwa ili mpishi ajue amwite nani simu inapomdanganya. Isitoshe, Kiswahili hakikuanza leo kukabiliana na mashine hizi. Tumebishana kuhusu ngamizi, kompyuta na tarakilishi, na tukaishi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice, zenye menyu na maelekezo kwa Kiswahili. Lugha iliyoweza kuziandikia mashine haishindwi kuwapa watu majina ya kazi zao.

Aidha, Kibera yenyewe ina kumbukumbu ya kazi iliyogawanywa vizuri. Mwaka 2009, wakati ambapo ramani za mtandaoni zilikuwa zikiionyesha Kibera kama pengo tupu, Erica Hagen na Mikel Maron walianzisha mradi wa Map Kibera pamoja na vijana 13 kutoka vijiji vya Kibera. Vijana hao walipita vichochoroni wakiwa na vifaa vya kupokea ishara za setilaiti, wakaweka alama penye vyoo, zahanati, shule na vituo vya maji, kisha wakayaingiza waliyoyakusanya katika ramani huria ya OpenStreetMap. Baadaye ukaja ukumbi wa habari wa Voice of Kibera, uliotumia programu ya Ushahidi, iliyobuniwa na Wakenya na wenzao mwanzoni mwa mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi.

Mambo mawili katika kazi ile yananifaa hapa. La kwanza ni kwamba aliyetembea kichochoroni ndiye aliyeketi mbele ya tarakilishi kukichora. Hapakuwa na tabaka la watembeaji na tabaka la wachoraji. La pili ni kwamba ramani ya OpenStreetMap huhifadhi historia ya kila badiliko pamoja na jina la akaunti iliyolifanya. Kwa hiyo kazi ilikuwa ya wote, lakini kila mstari ulikuwa na wa kuulizwa. Vitu hivyo viwili havipingani. Kwa hakika, kimoja hakidumu bila kingine.

Vijana wa Kianda walikubaliana pia juu ya zamu, na hapa walinifunza mimi. Nilikuwa nimependekeza kila jina lizunguke baada ya majuma mawili ili pasiwe na mkubwa wa kudumu. Katibu alinipinga kwa hoja. Ulezi na ukaguzi vinaweza kuzunguka, alisema, kwa sababu kila mmoja akivishika hujifunza kitu. Mpangaji asibadilishwe ovyo, kwani uhusiano wake na mpishi na wazazi huchukua muda kujengeka, na akiondoka huondoka na aliyoyasikia. Kumbukumbu za mikutano, zilizokuwa zimemganda yeye, nazo ziwe na zamu, wavulana kwa wasichana. Mwenyekiti alilikubali hilo. Alikubali vilevile kwamba uenyekiti wake ubaki kwenye makaratasi ya usajili, na kwamba upangaji apewe katibu, aliyekuwa akizungumza na mpishi tangu mwanzo. Sidhani ilikuwa rahisi kwake. Alisimama, akakisukuma kile kiti mpaka pembeni.

Nawageukia walimu wenzangu. Tangu Mtaala wa Umilisi uanze kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, tumekuwa tukiwapa wanafunzi miradi ya vikundi kwa wingi. Tukiwa wakweli, tunajua yanayotokea. Mwanafunzi mmoja hufanya kazi, mwingine huteuliwa kuwa kiongozi kwa kuwa ana sauti kubwa, msichana mwenye mwandiko mzuri huandika, na wote saba hupata alama sawa. Tunaita hali hiyo ushirikiano. Kwa maoni yangu huo ni uvivu wetu sisi walimu, kwani tunasahihisha tunda bila kuuliza nani alipanda na nani alimwagilia maji.

Dawa yake haihitaji tarakilishi. Kabla kikundi hakijaanza, kila mmoja atamke mbele ya wenzake atawajibika kwa nini, na jina lake liandikwe kando ya kazi hiyo. Mwalimu ahakikishe kwamba kazi zisizo na sifa, kama kufagia, kuandika na kukagua, zina majina na zina zamu. Kila juma kikundi kisimame dakika chache kueleza kilichofanyika na kilichokwama. Na kosa likitokea, swali la kwanza lisiwe "Nani mkosaji?" bali "Kazi hii ilikuwa mikononi mwa nani, na tulimsaidia vipi?"

Nanyi wanafunzi, hasa mnaotamani kuingia katika uandishi wa programu, msiyakimbilie majina makubwa. Mtayakuta mengi huko, na mengine yatabadilika kabla hamjahitimu. Kilemba cha ukoka hakimkingi mtu na jua. Mkipewa cheo, ulizeni mara moja: ninadaiwa nini, na ananidai nani? Msipopata jibu, hicho bado si cheo.

Niliporudi Kianda majuma kadhaa baadaye, ukutani palikuwa na karatasi yenye majina saba, na mbele ya kila jina kitenzi. Mpishi alikuwa bado anaandika daftari lake. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba ataliacha siku ambayo mkaguzi atakuja mwenyewe jikoni na kumwambia aliache. Mkaguzi wa juma hilo, kijana wa miaka 19, alikuwa amesimama karibu. Alisema bado hajawa tayari kumwambia hivyo, kisha akarudi kuijaribu programu tena.